Maji ya kimea: piga hesabu kabla ya kuwasha jiko

Wanaopika bia nyumbani kwa shayiri huumiza kichwa na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na hamira, wakati bia nyingi huharibikia kwenye maji. Anzia hesabu mwisho, urudi nyuma.

Unataka lita 20 za kuchachusha kutoka kilo 5 za kimea, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Kuchemsha saa nzima kwenye sufuria pana hupoteza kama lita 4, na mashapo yatabaki na lita 2. Basi uanze kuchemsha ukiwa na lita 26. Machicha hunywa takriban lita moja kwa kila kilo, yaani 5, na lita nyingine hubaki chini ya koki ya deli, chombo kinachotunza joto unacholowekea kimea. Jumla 32. Kiwango cha mvuke kipime mwenyewe: chemsha maji matupu saa moja, kisha yapime kwa kijiti ulichokitia alama kila lita 2. Jiko la gesi na la mkaa hayalingani kabisa.

Maji ya bomba yana klorini, nayo ikikutana na kimea bia hunuka dawa ya hospitali. Yachemshe dakika 15, au yaache wazi usiku kucha. Ya kisima chenye chumvi, ambavyo ni vingi huku pwani, achana nayo.

Lita 15 ni za kulowekea. Vipimo vingi vya vitabuni huchukulia kimea kina nyuzi 20. Stoo ya Dar inakaribia 30. Kwa hiyo ili mchanganyiko utulie kwenye 66, maji yawe 71, na deli liwe limeshapashwa moto.

Baada ya kuloweka saa moja, unapoanza kukamua, ndipo penye balaa. Ukifungua koki yote kwa pupa, machicha hushindiliwa chini na kuziba. Fungua robo tu. Lita 2 au 3 za kwanza zitatoka na unga na vipande vya maganda. Zikinge kwa jagi, zirudishe juu taratibu kwenye kijiko kipana ili zisichimbe shimo, mpaka yatoke safi. Kama umechanganya ngano au mtama, ongeza gramu 250 za maganda magumu ya mpunga yaliyooshwa, si pumba laini ya kuku, maana hiyo ndiyo itakayoziba. Ikiziba hata hivyo, funga koki, koroga yote, subiri dakika 10, anza upya.

Lita 17 zilizobaki ni za kusuuzia, mara mbili, 8.5 kila mara, nyuzi 75. Koroga, acha itulie, rudisha ya kwanza tena. Usivuke 77: maganda yatatoa ukakasi kama chai iliyolala na majani yake. Kinga kidogo kwenye glasi, kipoze, pima kwa haidromita, kipimo kinachoonyesha wingi wa sukari (maji matupu ni 1.000). Ikishuka chini ya 1.010, acha kukamua hata kama sufuria haijafika 26. Pengo lijaze kwa maji safi.