Jibu: ukiweka namba moja gari linarudi nyuma (injini ya Corolla iliyohamishiwa nyuma ya viti)

Ndugu wa Jinja, nirudie ulivyoeleza ili na wengine wafuate: umechukua injini ya 5A-FE pamoja na giaboksi yake ya kebo mbili, ukaisogeza nyuma ya viti bila kuigeuza. Leva ya gia ya Corolla umeizungusha nusu duara ili kebo zitokee upande wa nyuma. Kebo zenyewe umezipitisha kando ya injini, ukazikunja nyuma ya giaboksi, zikaingia kwenye breketi yake ya kiwandani (kishikio cha chuma kinachoshika kebo). Sasa ukiweka namba moja inaingia rivasi, namba tatu na nne zimebadilishana, ukitafuta namba mbili unapata tano.

Giaboksi yako haijafa, usiifungue. Umegeuza mwendo mara moja, na ulipaswa kuugeuza mara mbili.

Giaboksi hizi hupokea miendo miwili. Kebo ya kwanza huchagua mstari: 1-2, 3-4 au 5-R, yaani mkono kwenda kushoto na kulia. Ya pili huingiza gia, yaani mkono kwenda mbele na nyuma. Kwenye Corolla isiyobadilishwa giaboksi iko mbele ya leva. Ukisukuma kirungu (kishikio cha juu ya leva) mbele, ncha ya leva iliyo chini ya egemeo (pale leva inapobembea) inarudi nyuma na kuuvuta waya wa ndani. Huko mwisho, gamba la kebo (ala ya nje inayofunika waya) limefungwa nyuma ya mkono wa giaboksi (kile chuma chenye pini inayoshika ncha ya waya), kwa hiyo pini inavutwa kuelekea nyuma.

Sasa kebo zinatokea nyuma ya leva. Mwendo uleule wa mkono unasukuma waya badala ya kuuvuta. Huo ni mgeuko wa kwanza. Kama kebo ingefika kwenye giaboksi ikitokea mbele, gamba likafungwa mbele ya mkono, waya unaosukuma ungepeleka pini nyuma kama zamani. Huo ndio mgeuko wa pili, unaofuta wa kwanza. Wewe umeizungusha kebo hadi breketi ya zamani, mgeuko wa pili haukutokea. Chora karatasini kila kebo peke yake na uhesabu: migeuko ikiwa 0 au 2 gia ziko sawa, ikiwa 1 au 3 zimepinduka. Usichanganye hesabu ya kebo mbili, maana inawezekana kabisa moja ikawa sawa na nyingine imepinduka. Ukikuta namba moja na mbili tu ndizo zimebadilishana, na tatu na nne vilevile, lakini mistari iko mahali pake, kosa ni la kebo ya kuingiza peke yake.

Dawa ya kwanza, na ndiyo ninayoipendelea, ni kutengeneza breketi mpya mbele ya mikono ya giaboksi. Tumia bamba la 5 mm, likatwe na kukunjwa Katwe, Kampala, au kwa fundi yeyote mwenye mashine ya kukunja, lifungwe kwa bolti zilizopo kwenye ganda la giaboksi. Bamba la 3 mm bila mbavu hupinda kila unapobadilisha gia, kisha unahisi leva ni laini kama ugali. Hakikisha waya unaingia kwenye pini ukiwa umenyooka. Ukiingia kwa pembe, mpira unachanika na waya unakula gamba. Na kwa hali yoyote usiifunge breketi hiyo kwenye chasisi. Injini inatikisika kwenye maunti zake (mipira inayoibeba). Breketi ikiwa kwenye chasisi, kila ukikanyaga mafuta kebo inavutwa na gia inachomoka yenyewe. Upande wa leva ufungwe kwenye chasisi, upande wa giaboksi kwenye giaboksi, na kebo katikati imeze mtikisiko.

Kama stata au bomba la maji limekaa pale breketi inapotakiwa, hamishia mgeuko kwenye leva. Kebo ya kuingiza, weka pini yake juu ya egemeo badala ya chini. Kebo ya kuchagua hupitia kikono cha pembe kinachogeuza kushoto-kulia kuwa mbele-nyuma. Weldi kikono kingine upande wa pili wa egemeo lake, urefu uleule. Kuna wanaokata mkono wa giaboksi wenyewe na kuuweldi upande wa pili. Inawezekana, lakini uuvue kwanza, maana joto la weldi linaunguza sili ya shafti.

Kabla hujaweldi chochote, pima. Tia alama ya rangi kwenye pini, ingiza gia kwa mkono palepale kwenye giaboksi, pima safari kutoka namba moja hadi mbili. Tuseme ni 30 mm. Leva yenye 50 mm chini ya egemeo na 200 mm juu ina uwiano wa 4, kwa hiyo kirungu kitasafiri 120 mm. Ukifupisha juu hadi 150 mm, safari inashuka hadi 90 mm, ila nguvu ya mkono inaongezeka kwa theluthi moja. Uwiano huohuo ndio unaokuza ulegevu: 2 mm za bushi iliyokufa kwenye kebo ni 8 mm kwenye kirungu. Ndiyo maana bushi mpya za nailoni, ambazo mkerezaji anaweza kukukerezea, zina faida kuliko leva ya bei kubwa.

Kuhusu kebo zenyewe. Usijaribu kebo ya klachi ya bodaboda hata kama ina urefu mzuri: ile huvuta tu, ukiisukuma inajikunja. Unahitaji ya kusukuma na kuvuta. Pitisha bomba la maji la plastiki njia yote kwanza, ulikate, ulipime, ndipo uende sokoni na urefu huo mkononi. Toyota MR2 ya kwanza (1984–1989) ilijengwa kwa mtindo huu wako, injini ya familia ya A kama hiyo 5A yako, nyuma ya viti na kebo mbili, lakini kebo zake kwetu ni adimu. Angalia za lori za Canter na Elf, au za Hiace zile zinazoitwa droni. Mafundi wa Kisekka na Ndeeba, Kampala, wanazijua. Za lori ni nene na ngumu kidogo, na macho ya ncha (matundu yanayoingia kwenye pini) yatahitaji bushi ya kupunguza tundu. Ikizidi urefu usiikate, ncha zake hubanwa kwa mashine. Izungushe mkunjo mmoja mpana.

Mikunjo isiwe na nusu kipenyo chini ya 200 mm. Kila mkunjo unaongeza msuguano, na huo mzunguko wako wa nyuma ya giaboksi ungeifanya leva kuwa nzito hata kama gia zingekuwa sahihi. Kaa 100 mm mbali na ekzosi, au weka bamba la kukinga joto. Plastiki ya ndani ikiyeyuka waya unaganda na hautalegea tena. Usitie grisi ndani ya gamba. Vumbi letu la marram likikutana na grisi linakuwa msasa.

Kurekebisha: weka giaboksi frii. Kwa giaboksi nyingi za aina hii, springi za ndani huirudisha kwenye mstari wa 3-4. Simamisha leva wima katikati, ifunge kwa bolti ya 6 mm kupitia tundu ulilotoboa kwenye leva na fremu yake, kisha zungusha ncha za kebo hadi ziingie kwenye pini bila kulazimishwa. Kaza loknati (nati ya kufungia ncha isizunguke), toa bolti. Pandisha gari kwenye stendi, injini imezimwa, mtu azungushe gurudumu la nyuma taratibu unapojaribu kila gia, kwa sababu gia zikiwa zimesimama meno huweza kugongana na ukadhani kosa ni la kebo. Ikiwa 1, 3 na 5 zinaingia vizuri lakini 2 na 4 zinachomoka, kebo ya kuingiza haiko katikati. Izungushe mzunguko mmoja mmoja. Ikiwa 5 haipatikani, ni kebo ya kuchagua.

Aliyeuliza chini yako kama giaboksi ya Honda ya zamani, inayobadilishwa gia kwa fimbo badala ya kebo, inaweza kuwekwa hivi: Fiat X1/9 ilitumia fimbo na ilifanya kazi, lakini ya kwako inatoka giaboksi ikielekea nyuma, wakati dereva yuko mbele. Itabidi fimbo irudi chini ya injini kwa krosi mbili (viungo vinavyozunguka vikiwa vimepinda), na ile fimbo ya pili inayoshikilia leva na giaboksi pamoja uijenge upya pia. Hesabu ya migeuko ni ileile, ila hapa kuna kuteleza na kuzunguka. Ukiweza kupata giaboksi ya kebo, badilisha.