Mchumba na kaka zake wameidharau filamu niipendayo, tutaishije?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 29, nafanya kazi Dar. Mchumba wangu kwao ni Tanga. Kwa muda mrefu nimekuwa nikimsifia yeye na kaka zake Dune: Part Two, kwamba hawajawahi kuona filamu ya sayansi kama ile. Juzi nilipokwenda kuwasalimu ukweni nilibeba laptop, nikaiunganisha na TV ya sebuleni, tukakaa wote baada ya Isha: mchumba, shemeji watatu, hadi mama mkwe.*

*Ikawa aibu. Shemeji mkubwa alilala akakoroma. Wa pili kila mara anauliza, "Huyu naye nani tena?" Ilipofika sehemu ya uwanja wa mapigano, picha inapogeuka nyeusi na nyeupe, mama akasema TV imeungua, shemeji mdogo akainuka kuchezea waya. Huyo mdogo peke yake ndiye aliyeipenda. Mchumba wangu alitazama hadi mwisho kisha akasema, "Kwa hiyo tumekesha kumtazama mwanamume akimwacha mwenzake mbele za watu ili aoe cheo?" Wote wakacheka.*

*Shangazi, filamu hii imesifiwa dunia nzima. Kama haelewi kitu ninachokipenda kiasi hiki, tutaishije? Tangu siku hiyo simu zake nazijibu kwa mkato.*

*Mpenda Anga, Dar*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mama mkwe, maana hapo ndipo uliponiacha mdomo wazi. Mle ndani kijana na binti wanapigana mabusu juu ya kilima cha mchanga, na wewe ulijua, maana umeshaitazama. Ukamketisha mama wa watu kwenye kochi, wewe pembeni, mkwe mtarajiwa, mtazame pamoja! Mimi ningejidai nimesikia maziwa yanachemka. Yeye alisubiri adabu impe nafasi, picha ilipogeuka nyeusi na nyeupe akasema TV imeungua. Wala hakukosea sana. Mkurugenzi Denis Villeneuve na mpigapicha wake Greig Fraser walitumia kamera maalumu kwa sehemu ile, kwa sababu jua la sayari ulipo uwanja huo ni jeusi na chini yake rangi zinapotea. Ni ufundi mkubwa, lakini mtu ambaye hajaambiwa atagusa waya. Ulikuwepo, ungesema.

Halafu umeanza na sehemu ya pili! Ya kwanza ilitoka mwaka 2021, na ndiyo inayoeleza baba yake Paul, yule kijana mkuu wa hadithi, aliuawa na nani, kwa nini yeye na mama yake wako jangwani, na ile viungo inayogombaniwa ni kitu gani. Umewaalika watu kwenye kuvunja jungu bila kuwaambia ni harusi ya nani, kisha unakasirika wakiuliza bwana harusi yuko wapi. Shemeji wa pili hakuwa anakudharau, alikuwa anajaribu kufuata. Isitoshe, wengi wetu tumekulia kwenye vibanda umiza, Lufufu akitutafsiria nani kamsaliti nani na nani atakufa mbele ya safari, na ukumbi mzima unajibu. Kuuliza katikati ya muvi kwetu si utovu wa heshima.

Na usidhani wageni wa hadithi hii hupotea Tanga tu. Riwaya yenyewe, ya Frank Herbert, ni ya mwaka 1965, na ilipofanywa filamu mara ya kwanza mwaka 1984 na David Lynch, baadhi ya kumbi za Marekani ziligawa karatasi mlangoni zenye maana za maneno ya mle ndani. Watu wakasoma karatasi na bado wakatoka hawajui wameona nini. Ilitengenezwa kwa dola milioni 40 hivi na haikurudisha gharama, ingawa leo wapo wanaoipenda kufa.

Hiyo yako ya mwaka 2024 imefanikiwa, sibishi. Imeingiza zaidi ya dola milioni 700 na Machi 2025 ikapata Oscar mbili, ya sauti na ya madoido ya picha. Lakini hiyo "dunia nzima" unayonitajia haikuafikiana. Wapo walioona ni baridi na ndefu, dakika 166, kisha inaishia njiani. Wapo pia Waarabu na Waislamu waliohoji kwa nini watu wa jangwani wanasali, wanamtaja Mahdi, sehemu kubwa ya jangwa lenyewe imepigwa picha Jordan na Abu Dhabi, lakini waigizaji wakuu karibu wote wanatoka kwingine. Wewe umeiweka mbele ya watu waliotoka kuswali sasa hivi. Hukujiuliza jina hilo lilisikikaje pale sebuleni?

Sasa nije kwa mchumba wako, ambaye wewe unasema haelewi.

Mwanangu, huyo ndiye aliyeitazama. Kwenye kitabu, Paul anapotangaza kumwoa binti mfalme Irulan, Chani, yule binti wa jangwani mpenzi wake, anabaki naye na kukubali kuwa suria. Villeneuve aliligeuza hilo kwa makusudi. Chani wa kwenye filamu anakataa kupiga magoti, anatoka, anaita mdudu wake wa mchangani ili aondoke, na picha ya mwisho kabisa ni uso wake. Villeneuve amesema mara kadhaa kwamba Herbert hakupendezwa na wasomaji walivyomshangilia Paul kama shujaa, wakati yeye alikuwa anawaonya, ndiyo maana mwaka 1969 akaandika kitabu cha pili. Na kwamba yeye Villeneuve alitaka Chani awe jicho la mtazamaji. Kwa hiyo mtu mmoja pale sebuleni aliona kile ambacho mkurugenzi alikiweka ili kionekane, akakisema kwa sentensi moja, bila kusoma kitabu wala kutazama sehemu ya kwanza. Mwenzake akanuna.

Kilichokuuma nadhani nakijua. Ulikwenda ukweni ukitaka usifiwe, ukaipa filamu kazi ya kukusemea. Walipoikataa ukasikia umekataliwa wewe. Lakini shemeji aliyekoroma amekuona mtu wa nyumbani, mbele ya mgeni wa heshima mtu hujikaza macho.

Lingine nakuuliza wewe. Unamwita mchumba, lakini barua yako haisemi kitu kuhusu posa. Wazee wako wameshakwenda? Binti anayekaa mbele ya mama yake na kaka zake na kutoa neno kuhusu mwanamume anayemwacha mwenzake kwa ajili ya cheo, huenda anazungumzia filamu tu. Huenda pia kuna jambo analiwaza, labda hiyo kazi yako ya Dar na watu unaokutana nao huko. Sisemi ndivyo. Nasema wewe, badala ya kumuuliza, umeanza kumjibu "sawa", "poa", "baadaye".

Mpigie leo, usitume meseji. Usiitetee filamu. Mwambie kile alichosema kuhusu Chani kimekukaa kichwani, kisha muulize yeye angefanyaje pale, na unyamaze asiposema haraka. Ukimaliza hapo ndipo umweleze habari ya kitabu, na kama atataka, mtazame ile ya kwanza mkiwa wawili. Akisema hataki, muulize yeye anapenda kutazama nini, maana barua nzima hukuligusa hilo.

Shemeji mdogo mtunze, huyo ndiye wa kwenda naye sinema sehemu ya tatu ikitoka. Mkubwa mwache alale. Mama mpelekee kanga nzuri utakaporudi Tanga, na jioni hiyo waache wenyeji washike rimoti.

Kisha niandikie mchumba amejibu nini. Mimi nina yangu kuhusu yule Irulan, lakini nataka kwanza nisikie ya kwake.

Shangazi