Re: Mwasho kwenye mapaja, krimu ya dukani haisaidii

Kaka, mwasho kwenye mikunjo ya mapaja, ukingo mwekundu wenye magamba na korodani ziko salama: hizo kwa kawaida ni fangasi. Hiyo krimu ya dukani unayopaka, betamethasone (ni ya steroidi), iache. Inatuliza mwasho siku mbili tatu huku fangasi wakizidi kutambaa. Paka krimu ya fangasi, clotrimazole 1%, mara 2 kwa siku, uvuke ukingo kwa sentimita 2, kwa wiki 2 hadi 4. Usiache mwasho unapoisha tu, wengi hurudiwa hapo.

Kagua katikati ya vidole vya miguu. Kama kuna fangasi, tibu pamoja, na vaa soksi kabla ya boksa, maana boksa ikigusa nyayo inawapandisha fangasi hadi mapajani. Jikaushe vizuri; boksa iwe ya pamba, isibane.

Ukiona vipele kwenye uume vinavyowasha zaidi usiku, huenda ni upele wa kuambukizana (scabies): nyumba nzima itibiwe siku moja. Vidonda au usaha, nenda hospitali.