Mshahara wa Muuguzi Ukigawanywa kwa Watu Wote

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kama serikali ipunguze wafanyakazi wake ili kila raia alipwe kipato cha msingi bila masharti, nimelifanyia hesabu kwa kaunti yangu ya Lamu, ambayo kwa udogo wake haimchoshi mwenye kuhesabu.

Sensa ya 2019 ilitukuta watu 143,920. Mgao wa kaunti kutoka serikali kuu katika mwaka wa fedha wa 2021/22 ulikuwa takriban shilingi bilioni 3.1, na kanuni za fedha za umma za 2015 zinakataza mishahara ya kaunti kuzidi asilimia 35 ya mapato yake. Tuchukue asilimia hiyo ya mgao, tumwachishe kazi kila mwajiriwa wa kaunti, asibaki hata bawabu, kisha fedha zote tuzigawe sawasawa: kila mtu atapata kama shilingi 630 kwa mwezi. Mzee wa miaka 70 katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza kwa fedha, hulipwa 2,000 kwa mwezi, na sijamsikia mmoja akisema zinamtosha.

Kwa hizo 630 tutakuwa tumemuuza muuguzi, kwa kuwa huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi uanze 2013. Mkaazi wa Faza au Kizingitini, kule kisiwani Pate, akifungiwa zahanati itambidi apande boti kuja Amu, yaani mji wa Lamu, na kipato chake kipya kitaishia kwenye nauli kabla hajamwona daktari. Tena mshahara wa mtumishi mmoja huku haumlishi yeye peke yake. Muulizeni mwenye duka ni nani huja kulipa madeni ya mama na ndugu zake kila mwisho wa mwezi, kama si mtumishi huyo.

Watetezi wa wazo hili hupenda kutaja majaribio ya kugawa kipato cha msingi yaliyofanywa na GiveDirectly, shirika la misaada, kule Siaya na Bomet. Fedha zile zilitoka kwa wafadhili, wala hakuna aliyefutwa kazi ili zipatikane, kwa hiyo hayalijibu swali mliloliuliza.

Ninapokubaliana nao ni kuhusu wafanyakazi hewa, marupurupu ya safari na vikao, na nafasi za ofisini ambazo wenyewe wakistaafu hakuna haja ya kuzijaza. Kinachookolewa humo ni kidogo mno kwa watu wote, lakini kingeanza kuushusha umri wa kuingia Inua Jamii kutoka miaka 70 hadi 65, ambao kwa mvuvi ni umri wa mtu aliyekwisha kuvuta nyavu zake zote.

Msomaji, Langoni, Lamu