Rubani aliiacha njia ya kutua tukiwa tumeshaiona

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi uliopita nilisafiri kwa ndege ndogo ya abiria 12. Mvua ilikuwa inanyesha, na tulipokwisha kuiona njia ya kutua, rubani aliongeza nguvu ya injini, ndege ikapanda tena, tukaenda kutua uwanja mwingine. Abiria walinung'unika sana. Je, aliogopa bure? Na kwa nini ndege ndogo hupata ajali zinapotua katika hali mbaya ya hewa?

JIBU: Hakuogopa bure, ndugu msomaji, na ninafurahi kwamba uko salama hata ukaweza kuuliza.

Kuiona njia ya kutua si sawa na kuweza kuifikia. Chini ya wingu la radi hewa baridi huporomoka kwa nguvu, na ikigonga ardhi hutawanyika pande zote, kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni. Ndege inayopita hapo hupokewa kwanza na upepo wa mbele unaoinyanyua, na rubani asiyetambua kinachotokea hupunguza nguvu ya injini. Sekunde chache baadaye hewa humsukuma chini, kisha upepo humjia kwa nyuma, kasi ya hewa inayopita kwenye mabawa inashuka ghafla, na ardhi iko karibu mno kumpa nafasi ya kujiokoa. Mwanasayansi Tetsuya Fujita ndiye aliyeueleza mporomoko huo, baada ya kuchunguza ajali ya ndege kubwa ya abiria iliyotokea New York mwaka 1975. Kwa kawaida upana wake hauzidi kilomita 4, nao huisha ndani ya dakika chache, ndiyo maana kuzunguka angani kwa muda huweza kuwa dawa tosha.

Ndege ndogo huumia zaidi kwa sababu ni nyepesi na hutua kwa kasi ndogo. Cessna 172, kwa mfano, huikaribia njia ya kutua kwa noti 65 hivi, yaani kama kilomita 120 kwa saa, kwa hiyo upepo wa noti 20 ukigeuka ghafla, sehemu kubwa ya kasi inayoibeba hutoweka. Upepo wa ubavuni nao huisukuma nje ya mstari, na maji yakituama, magurudumu huelea juu yake na breki hazishiki.

Hata hivyo, naona hatari kubwa kuliko zote ni ule mvuto wa kumaliza safari. Taa zinaonekana, abiria wana haraka, na rubani hujiambia kwamba zimebaki sekunde chache tu. Rubani wako aliushinda mvuto huo, na walionung'unika walistahili kumshukuru.

Tena hakukurupuka. Panapotarajiwa hali mbaya ya hewa, rubani huchagua mapema uwanja wa akiba na kubeba mafuta ya kumfikisha huko na kubakiza mengine, kwa hiyo yamkini uwanja mliotua ulikuwa umeshaandikwa katika mpango wa safari kabla hamjafunga mikanda.