Fundi, nichukue i7 au Ryzen?

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma chuo Morogoro, nimedunduliza boom la mihula miwili ninunue kompyuta ya kuchezea gemu, GTA V na FC ya mpira. Muuzaji mmoja ana ya mezani ya mtumba, Core i7-3770, anasema i7 ni kubwa kuliko i3 na i5 zote. Rafiki yangu anasema niunge mwenyewe kwa Ryzen 5 5600, kadi ya grafiksi nitafute mwakani. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo wa i7 achana naye. Tazama tarakimu zinazofuata: 3770. Ile 3 ya mwanzo ni kizazi cha tatu, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya mwaka 2012. Ina kori 4, yaani vichwa vinne vya kufanya kazi. Core i3-12100 ya 2022 nayo ina kori 4, lakini kwenye gemu inaiacha mbali. Tena hiyo i7 inatumia RAM (kumbukumbu ya kazi) za aina ya zamani, DDR3, na haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11.

Rafiki yako kachagua prosesa nzuri, ila 5600 haina grafiksi, sehemu ya kutoa picha, ndani yake. Mwaka jana kijana aliniletea kasha jipya: taa zinawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi tii. Alishabadilisha kebo mara mbili na kuazima skrini ya jirani. Nikatoa feni, nikafuta ule uji wa kijivu juu ya prosesa, nikasoma: Ryzen 5 5600. Hakuna kilichoharibika. Kebo alichomeka kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), na prosesa haina picha ya kutoa. Miezi minne alikaa na kompyuta nzima asiyoweza kuitumia. Iliniuma sana, kwa sababu aliyemuuzia alijua kuwa hana kadi. Kwa Intel, wenye hizo i3 na i7, jihadhari vivyo hivyo na herufi F, kama i3-12100F.

Wewe nunua Ryzen 5 5600G. Kori 6, na grafiksi ya Vega imo humohumo. GTA V itacheza vizuri. FC shusha mipangilio.

Hapa nisikilize vizuri: RAM nunua mbili za GB 8, usinunue moja ya GB 16. Grafiksi ya ndani haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM, na RAM moja ni sawa na mlango mmoja kwa watu wengi. Nimeona gemu ileile ikikwamakwama kwa moja, ikatulia kwa mbili.

5600G ina upungufu wake: kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, ni MB 16 wakati 5600 ina 32, na inatumia PCIe 3.0, njia ya zamani ya kuunganisha kadi. Kwa hiyo mwakani usiiwekee kadi ya RX 6500 XT. Kadi hiyo hupitisha data kwa njia 4 tu, na kwenye PCIe 3.0 inabanwa.

Dukani, chukua prosesa iliyo kwenye boksi lake pamoja na feni. Igeuze uangalie miguu yake midogo chini, mmoja ukipinda usiipokee. Ukipewa madabodi ya B450, muulize muuzaji kama BIOS, programu yake ya kuwashia, imesasishwa iitambue prosesa hii. Kisha aiwashe mbele yako, kebo ya skrini ikiwa kwenye madabodi. Ukiona picha, ndipo ulipe.