Mwanangu, nyumba ya Mama Clap ilijificha hivi

Mwanangu,

Umeniuliza ilikuwaje London ya miaka ya 1720, ambako mwanamume aliyelala na mwanamume mwenzake angeweza kunyongwa, ikawa na nyumba za siri za kukutania wanaume wa namna hiyo, zikijaa watu kila wiki. Na kwa nini ya Margaret Clap, ambaye wateja walimwita Mama Clap, ikaanguka.

Haikujificha porini. Ilikuwa Field Lane, mtaa wa Holborn, upande mmoja imepakana na baa ya Bunch of Grapes, upande wa pili na tao. Nadhani hapo ndipo penye ujanja: mlango ulio jirani na baa hauulizwi kwa nini wanaume wanaingia na kutoka usiku. Mama Clap mwenyewe alitoka kuwachotea wageni pombe. Ndani walicheza dansi na kuigiza sauti za kike, vitanda vilikuwa kila chumba, na chumba kimoja kiliitwa cha ndoa. Kwa kawaida walifika watu 30 au 40 kwa usiku, na Jumapili zaidi, maana wengi walikuwa watu wa kazi za mikono: muuza maziwa, fundi wa kuchana sufu, fundi wa samani za vitambaa.

Kwa hiyo usifikirie kufuli na nywila. Mlinzi wa nyumba ile alikuwa mtu wa kukutambulisha kwa wenyewe. Ukija na mwenyeji, umeaminiwa. Na hapo hapo ndipo palipovunjika. Mark Partridge aligombana na mpenzi wake, akageuka shushushu wa Vyama vya Kurekebisha Maadili, vilivyokuwapo tangu miaka ya 1690. Akawazungusha makonstebo nyumba hadi nyumba, na mmoja wao akatambulishwa kuwa ni mume wake. Nani angemshuku? Novemba 1725 konstebo Samuel Stevens aliingia na kuhesabu wanaume kati ya 40 na 50. Februari 1726, usiku wa Jumapili, nyumba ikavamiwa na watu wapatao 40 wakakamatwa.

Sasa angalia sheria, maana wanafunzi wengi huikosea. Sheria ya 1533 ya Mfalme Henry VIII ilitoa adhabu ya kifo, lakini mahakama ilidai ushahidi kwamba tendo lenyewe lilikamilika. Katika uvamizi ule hakuna aliyefumaniwa akilitenda, hivyo wengi waliachiwa. Kumnyonga mtu kulihitaji shahidi aliyeshiriki naye, na waendesha mashtaka wakampata Thomas Newton, kijana aliyekiri mwenyewe kulala na washtakiwa na kwa ushahidi wake akaponya shingo yake. Gabriel Lawrence, William Griffin na Thomas Wright wakanyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea watu London, tarehe 9 Mei 1726. Tendo lisipothibitika, shtaka lilishuka kuwa jaribio, na adhabu ikawa mkatale (mbao za kumbana mtu shingo na mikono hadharani), faini na jela.

Mama Clap alihukumiwa Julai: mkatale pale Smithfield, faini ya marki 20, yaani pauni 13 na ushei, na jela miaka miwili. Alijitetea kwamba yeye ni mwanamke, hivyo haiwezekani awe amehusika na mambo hayo. Hawakumsikiliza.

Mashauri haya utayasoma bure mtandaoni katika kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey ya London, za 1674 hadi 1913. Mambo mawili yatakusumbua. Kwanza tarehe: hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi, hivyo uvamizi wa Februari unaweza kuukuta umeandikwa 1725. Usidhani ni uvamizi mwingine. Pili, karibu kila unachokijua juu ya nyumba ile kilisemwa na konstebo au msaliti aliyekuwa na faida ya kusema. Habari ya vitanda sina shaka nayo sana. Minong'ono na mabusu waliyoyasimulia mbele ya hakimu uyapime kwa kuuliza kila mara shahidi huyu angenyongwa kama angenyamaza.

Baba yako